Maneno Yafike Benchi la Nyuma: Vifaa vya Zamani vya Kusaidia Kusikia Kanisani

Ndugu msomaji, je, umewahi kukaa mkutanoni ukaona midomo ya msemaji inacheza, lakini maneno hayakufikii? Wenzako wanacheka, nawe unacheka. Wenzako wanapiga makofi, nawe unapiga. Ukirudi nyumbani unaulizwa, "Wamesema nini huko?" Unajibu, "Aa, mambo ya kawaida tu." Kumbe hukuambulia kitu.

Kwako labda ilikuwa siku moja tu, kwa sababu ya upepo au kelele za watoto. Lakini wako watu ambao kwao kila siku ni hivyo. Hao ni watu wasiosikia vizuri.

Sisi tunaofundisha kisomo tuna kosa letu la kukiri. Katika darasa moja tulikuwa na mama mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Darasa likisoma silabi, yeye alichelewa. Tukimwuliza hili, alijibu lile. Wenzake walicheka. Nasi, badala ya kutafuta sababu, tuliamua moyoni kwamba mama huyu ni mzito wa kujifunza. Baada ya wiki chache hakuja tena.

Jirani yake ndiye aliyetuambia, "Mwalimu, yule mama akili yake nzima. Masikio ndiyo yanamsumbua." Tuliona aibu. Tulikwenda kwake tukamwomba arudi. Tulimpa nafasi ya mbele, na kila tuliposema naye tulimtazama usoni. Alisoma. Aliandika jina lake, akaendelea mbele kama wenzake. Kumbe shida haikuwa akili. Shida ilikuwa zile hatua kumi kutoka ubaoni hadi mlangoni.

Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza: watu wa zamani, kabla ya betri na umeme, walifanyaje? Jibu moja tumelikuta katika makanisa ya Ulaya na Marekani. Kwa nini makanisani? Kwa sababu kanisani watu wengi hukaa kimya kwa muda mrefu wakimsikiliza mtu mmoja aliye mbali nao. Tena wengi wao ni wazee. Hebu tuangalie walifanya nini, halafu tuone sisi tunaweza kujifunza nini.

SAUTI INAPOTEA WAPI?

Kwanza tujue sauti inavyosafiri. Tupa jiwe katika bwawa. Utaona maji yanafanya duara. Duara linakua, na kadiri linavyokua ndivyo linavyopungua nguvu. Sauti nayo ni hivyo hivyo. Inatoka kinywani inasambaa kila upande.

Tuseme uko uwanjani, hatua 2 kutoka kwa msemaji. Ukirudi nyuma mpaka hatua 4, nguvu ya sauti inayokufikia inabaki robo tu. Ukirudi mpaka hatua 8, inabaki robo ya ile robo. Kwa hiyo anayekaa nyuma hapati nusu ya sauti. Anapata kidogo sana.

Pili, kuna mwangwi. Makanisa ya zamani ya Ulaya yalijengwa kwa mawe, na dari yake ni ya juu sana. Kuta na dari hurudisha sauti. Neno la kwanza linarudi kutoka ukutani wakati neno la pili linatoka kinywani. Maneno yanapandana. Mwenye masikio mazima anaweza kuyachambua. Asiyesikia vizuri anasikia mvumo tu.

Tatu, kuna sikio lenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu ndogo iliyojiviringisha kama konokono. Humo mna vinyweleo vidogo sana ambavyo hatuwezi kuviona kwa macho. Vinyweleo hivi hupokea mtikisiko wa sauti, na habari inapelekwa kwenye ubongo. Uzee huviharibu. Kelele kubwa za muda mrefu huviharibu pia. Vikishakufa haviwezi kuota tena.

Kwa kawaida zinazopotea kwanza ni sauti nyembamba, kama za herufi s, f, k, t na sh. Sauti nzito za a, o na u hubaki. Ndiyo maana mzee anasema, "Nakusikia unaongea, ila sielewi unasema nini." Ukisema "fika", yeye anasikia "-ika". Je, ni fika, shika au pika? Hajui. Anabahatisha. Akikosea tunamcheka.

PEMBE YA KUSIKILIZIA

Sasa fanya jaribio. Kunja kiganja chako, ukiweke nyuma ya sikio, ukielekeze kwa mtu anayesema. Sauti imeongezeka kidogo, sivyo? Kiganja kimekusanya sauti ambayo ingepita pembeni.

Ukimaliza kusoma ukurasa huu, chukua karatasi uiviringishe iwe kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Weka tundu dogo karibu na sikio. Usiliingize ndani. Elekeza mdomo mpana kwa anayesema. Mwambie aseme kwa sauti ya kawaida, asipige kelele. Utaona tofauti.

Hapo umetengeneza kifaa kilichotumika Ulaya kwa zaidi ya miaka 200: pembe ya kusikilizia. Pembe tunazozijua sisi hupulizwa kwenye tundu dogo, sauti ikatoka kwenye tundu kubwa. Hii ni kinyume chake. Sauti inaingia kwenye tundu kubwa na kuishia sikioni. Nyingine zilikuwa pembe za kweli za wanyama. Nyingine zilitengenezwa kwa bati, shaba au fedha. Mjini London, Frederick Charles Rein alikuwa mmoja wa mafundi wake waliojulikana sana katika karne ya 19.

Vifaa vizuri vilikuwa vya wenye mali. Mfalme João VI wa Ureno alitengenezewa kiti maalumu mwaka 1819. Mikono ya kiti ilichongwa kama simba waliofungua vinywa. Mtu mwenye shida alisemea katika kinywa cha simba, na sauti ikapita kwenye bomba mpaka sikioni kwa mfalme.

Sasa je, mzee asiye mfalme afanye nini? Hapa ndipo makanisa yanapoingia. Kifaa kikifungwa kanisani, kinakuwa cha wote. Lakini lazima mtu fulani aone kwanza kwamba kuna mwenzake asiyesikia.

MIMBARI YA WHITBY

Huko Uingereza, katika mji wa Whitby ulioko pwani ya kaskazini mashariki, kuna kanisa la Mtakatifu Maria. Liko juu ya mlima unaotazama bahari. Ukitoka mjini kwa miguu unapanda ngazi 199. Ndani yake kuna mimbari ya mbao ya mwaka 1778, yenye ghorofa tatu. Mhubiri alipanda juu kabisa ili watu wote wamwone na sauti yake ipite juu ya vichwa vyao.

Katika karne ya 19 kanisa hilo lilikuwa na kasisi ambaye mke wake hakusikia vizuri. Fikiri jambo hilo. Mume anahubiri kila Jumapili, watu wanatoka mbali kuja kumsikiliza, lakini mke wake mwenyewe hasikii. Basi pembe za kusikilizia zilifungwa kwenye mimbari kwa ajili yake. Mama huyo aliweza kukaa mahali pake na kuyafuata mahubiri. Pembe hizo bado zipo katika mimbari hiyo, na wageni huziona.

Katikati ya karne hiyo mafundi wa Uingereza waliongeza kitu kingine: mabomba laini yanayokunjika. Yalitengenezwa kwa gutta-percha, yaani utomvu wa miti ya Malaysia na Indonesia, unaofanana kidogo na mpira. Mdomo mpana wa faneli uliwekwa kwenye mimbari, mbele ya mhubiri. Bomba likapita mpaka kwenye benchi la mtu asiyesikia vizuri. Alichukua ncha ya bomba akaiweka sikioni.

Kifaa hiki hakikuongeza nguvu ya sauti. Kilizuia tu isisambae. Badala ya kujaza kanisa zima, sehemu ya sauti ilipita katika njia yake ndogo. Tena haikuchanganyika sana na mwangwi, kwa sababu ilichukuliwa karibu na kinywa. Kumbuka neno hilo, "karibu na kinywa". Tutalirudia.

WAYA CHINI YA MABENCHI

Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu huko Marekani. Simu ilionyesha kwamba sauti inaweza kugeuzwa kuwa umeme, ikapita katika waya, halafu ikageuzwa kuwa sauti tena. Watu waliofikiria habari za uziwi waliona mara moja: waya huu unaweza kufanya kazi ya lile bomba.

Mmoja wao alikuwa kijana kutoka jimbo la Alabama, jina lake Miller Reese Hutchison. Inasimuliwa kwamba rafiki yake wa utotoni alikuwa hasikii. Mwishoni mwa karne ya 19 Hutchison alitengeneza kifaa cha umeme cha kusaidia kusikia. Baadaye kifaa chake kiliuzwa kwa jina la Acousticon. Kilifika hadi kwa Malkia Alexandra wa Uingereza, ambaye naye hakusikia vizuri. Malkia alimpa nishani. Tena Hutchison huyo huyo ndiye aliyebuni honi ya motokaa yenye kelele kali, iitwayo Klaxon. Watu wakamtania: kwanza unatutoboa masikio kwa honi, halafu unatuuzia kifaa cha kusikilizia!

Mwanzoni mwa karne ya 20 Acousticon ilitengenezwa pia kwa ajili ya makanisa. Ilifanya kazi hivi. Kwenye mimbari kiliwekwa kisanduku cha kupokea sauti. Ndani yake mlikuwa na chembe ndogo za kaboni, yaani jamii ya mkaa. Mbele ya chembe hizo palikuwa na kibati chembamba. Mhubiri aliposema, kibati kilitikisika. Kikisukuma chembe zikabanana, umeme wa betri ulipita kwa wingi. Kikizilegeza, umeme ulipungua. Kwa njia hiyo umeme ulipanda na kushuka kufuata sauti ya mhubiri.

Umeme huo ulipita katika waya chini ya mabenchi. Kwenye baadhi ya viti kulikuwa na kisikilizio, kama kile cha simu ya zamani ya mezani. Aliyekihitaji alikishika akakiweka sikioni. Mhubiri mmoja, kisanduku kimoja, lakini wasikilizaji kadhaa katika mabenchi mbalimbali. Mzee ambaye hakuwa na fedha ya kununua kifaa chake aliweza kusikia kwa kifaa cha kanisa.

Je, kifaa hicho kilikuwa na kasoro? Ndiyo. Chembe za kaboni zilitoa kelele za kukwaruza. Mtu alilazimika kukaa penye waya tu, hata kama jamaa zake walikaa kwingine. Na jambo zito zaidi lilikuwa aibu. Aliyeshika kisikilizio alionekana na kila mtu. Wengine waliona ni afadhali wasisikie kuliko wajulikane. Aibu hii hata leo haijaisha.

Baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, ulikuja ukuzaji wa sauti kwa valvu, yaani zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Sauti ikawa kubwa zaidi na safi zaidi. Mwaka 1947 transista ilibuniwa Marekani. Ilikuwa ndogo sana, tena haikula betri nyingi. Kuanzia mwaka 1952 vifaa vya kusikia vyenye transista viliuzwa, na mtu akaweza kutembea na kifaa chake mwilini bila mzigo wa betri kubwa.

WAYA UNAOZUNGUKA KANISA

Wengine watasema, "Basi siku hizi hakuna shida. Kanisa lina vipaza sauti." Aa wapi! Vipaza sauti vinaongeza sauti, lakini vinaongeza na mwangwi. Kama maneno yalikuwa yamepandana, sasa yanapandana kwa kelele. Na kifaa cha sikioni nacho kinakuza kila kitu: mahubiri, mtoto anayelia, benchi linalolia na mtu anayekohoa.

Dawa ya jambo hili ilipatikana mapema. Mwaka 1937, huko Uingereza, Joseph Poliakoff aliomba hataza ya njia ya kupeleka sauti kwa nguvu ya sumaku, bila waya kufika sikioni. Waya mmoja unazungushwa pembeni mwa chumba, kwa mfano chini ya zulia au kandokando ya sakafu. Umeme wenye sauti ya msemaji unapitishwa humo. Umeme ukipita katika waya hufanya nguvu ya sumaku isiyoonekana. Ndani ya kifaa cha sikioni kuna waya mwembamba sana uliozungushwa kama uzi kwenye kigurudumu. Huo hupokea nguvu ile na kuigeuza kuwa umeme, kisha kifaa huigeuza kuwa sauti.

Mvaaji huweka kifaa chake kwenye alama ya T. Mara moja mtoto anayelia anafifia, mwangwi unapotea, na sauti ya mhubiri inakuja kana kwamba anasemea sikioni. Anakaa popote ndani ya duara la waya, pamoja na mke wake na watoto wake. Hakuna anayemwona ameshika kitu.

Njia hii ni ya zamani lakini haijafa. Makanisa mengi ya Uingereza bado yanaitumia. Mlangoni huwekwa picha ya sikio na herufi T. Siku hizi kuna njia mpya pia, inayotumia Bluetooth, jamaa ya ile iliyo katika simu za mkononi. Lakini lazima tuseme kweli: waya huu unamsaidia tu aliye na kifaa chenye sehemu ya T. Asiye na kifaa hasikii chochote kutoka kwake.

SISI TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, tazama vifaa vyote hivi: pembe, bomba, waya, sumaku. Vyote vinafanya kazi ile ile moja. Vinaleta kinywa cha msemaji karibu na sikio la msikilizaji. Fundi alibadilisha njia tu.

Kazi hiyo hata sisi tunaweza kuianza leo, bila senti. Si kanisani tu. Ni msikitini, katika mkutano wa kijiji, katika darasa la kisomo, na nyumbani pia.

Kwanza, mpe nafasi ya mbele mtu asiyesikia vizuri. Usingoje aombe. Huenda anaona haya.

Pili, mtazame usoni unaposema naye. Simama penye mwanga. Usifunike mdomo kwa mkono au karatasi. Macho yake yanasaidia masikio yake, hata kama mwenyewe hajui.

Tatu, sema polepole na wazi. Usipige kelele. Ukipiga kelele, zile sauti nzito zinazidi, lakini zile nyembamba zilizopotea hazirudi. Tena uso wa mtu anayepiga kelele unaonekana kama uso wa mtu mwenye hasira.

Nne, asipoelewa, usirudie maneno yale yale mara tatu. Badilisha. Kama hakupata "fika kesho", sema "njoo nyumbani kesho asubuhi".

Tano, mpeleke kituo cha afya. Si kila uziwi ni wa uzee. Pengine ni nta imeziba sikio. Pengine ni ugonjwa unaotoa usaha. Mambo haya yana matibabu. Usichokonoe sikio kwa njiti ya kiberiti. Usimimine mafuta wala dawa za majani katika sikio linalouma au linalotoa usaha. Na mtu akipoteza kusikia ghafla, asikae nyumbani kungoja. Aende mara moja.

Usidhani watu hawa ni wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani. Kati yao milioni 430 wanahitaji huduma. Wengine wako katika mabenchi yetu wenyewe, wanacheka tunapocheka.

Yule mama wa darasa letu alikaribia kupotea. Hakuna aliyemfukuza. Tulimwacha tu karibu na mlango, naye akatoka. Mkutano ujao, kabla hujaanza kusema, tazama nyuma. Nani amekaa kule? Je, maneno yako yanamfika?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu anaweza kusikia sauti lakini asielewe maneno?

2. Pembe ya kusikilizia na waya wa sumaku vinafanana katika jambo gani?

3. Kwa nini kupiga kelele hakumsaidii sana mtu asiyesikia vizuri?

4. Katika kijiji chenu, ni nani ameacha kuja mikutanoni au katika ibada? Je, kuna aliyemwuliza sababu?

5. Kikundi chenu kitafanya nini wiki hii ili mtu huyo arudi?